Dubu barafu: wanapungua au wanaongezeka? Hoja mbili kando kwa kando

Kila dubu barafu anapotajwa, hoja mbili hugongana. Moja inasema mnyama huyu anakwisha: barafu ya Aktiki, kule Ncha ya Kaskazini, inayeyuka, naye anakwenda nayo. Ya pili inasema hizo ni porojo, miaka ya 1960 walikuwa 5,000 na leo wamefika 26,000, sasa huko kupungua kuko wapi? Zote zinakuja na namba, zote zina wasomi wa kuwataja, na msikilizaji anayeijua Aktiki kwa picha tu huishia kumfuata mwenye sauti kubwa.

Nimeziweka kando kwa kando kwa ajili ya anayelazimika kuchagua: mwalimu aliyeulizwa darasani, mwanafunzi mwenye mdahalo Ijumaa, mtu anayeombwa mchango wa kuokoa wanyamapori. Msimamo wangu nautoa mapema. Hoja ya kupungua ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi, ingawa si kwa namna mashabiki wake wengi wanavyoitangaza. Na swali lenyewe, likiulizwa kwa dunia nzima kwa mkupuo mmoja, halijibiki.

Namba ya dunia

Hapa pande zote mbili zinateleza. Ile 26,000 inatokana na tathmini ya mwaka 2015 ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili (IUCN), na haikuja peke yake: ilikuja na ukingo wa chini wa 22,000 na wa juu wa 31,000. Ilipatikana kwa kujumlisha makundi 19 yaliyotawanyika Kanada, Alaska, Greenland, Norwei na Urusi. Baadhi yalikuwa yamehesabiwa vizuri karibuni. Mengine hesabu zake zilishachakaa. Mengine tena, hasa upande wa Urusi, hayakuwa na hesabu ya kuaminika kabisa, ikabidi wataalamu wakisie. Jumla iliyopatikana hivyo inakusaidia kujua kwamba tunazungumzia makumi ya maelfu na si mamia ya maelfu. Kupimia kupanda na kushuka haifai.

Ile 5,000 ndiyo dhaifu zaidi. Mwaka 1965 wataalamu wa nchi zenye dubu hawa walikutana Fairbanks, Alaska, kila mmoja na makisio yake. Upande wa Kisovieti ulisema 5,000 hadi 8,000. Wengine walisema zaidi ya 10,000, na yalikuwepo makisio yaliyokaribia 19,000. Hakuna aliyekuwa amehesabu. Ukichukua kisio dogo kuliko yote ukalisimamisha pembeni ya 26,000, umepata ongezeko la mara tano. Ukichukua lile kubwa, ongezeko linanywea hadi kuwa jambo la kawaida. Namba inayokubali kuvutwa namna hiyo haiwezi kubeba hoja, na kusema kweli hoja ya kuongezeka duniani imeegemea hapo karibu yote.

Lakini upande wa pili nao usifurahi mapema. Hakuna kipimo kinachoonyesha kwamba dubu barafu wa dunia nzima wameshapungua kwa nusu, wala kwa robo. IUCN ilipowabakiza mwaka 2015 katika orodha ya wanyama walio hatarini, ilikuwa inaangalia mbele: ilikadiria uwezekano wa asilimia 71 kwamba idadi yao itashuka kwa zaidi ya asilimia 30 ndani ya vizazi vitatu, yaani miaka 35 hadi 41 kuanzia hapo. Hiyo ni kauli kuhusu kesho. Anayeinukuu kana kwamba ni maiti zilizokwisha kuhesabiwa anapotosha.

Bunduki na barafu

Kuna jambo moja ambalo hoja ya kuongezeka inalo sawasawa, na ni vibaya kulificha. Hadi katikati ya karne ya 20 dubu hawa waliwindwa bila huruma. Waliwindwa kwa meli, kwa ndege ndogo huko Alaska, na huko Svalbard, visiwa vya Norwei, kwa bunduki zilizotegwa ndani ya masanduku yenye chambo, dubu akivuta chambo anajipiga mwenyewe. Urusi ya Kisovieti ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1956, na mwaka 1973 nchi tano zenye dubu zikatia saini mkataba Oslo wa kuwalinda. Baada ya hapo, katika sehemu kadhaa, dubu walirudi.

Waliorudi kwa sababu bunduki zilinyamaza hawathibitishi kwamba kukosa barafu hakuwadhuru. Mgonjwa aliyepona malaria huwezi kumwambia presha haimhusu. Mashabiki wa hoja ya pili huunganisha mambo haya mawili kana kwamba ni moja, na wasikilizaji wengi hawaoni pale uzi unapokatika.

Mfano mzuri ni mlango-bahari wa M'Clintock, kaskazini mwa Kanada. Mwaka 2000 kundi la pale lilikadiriwa kuwa na dubu 284. Mgao wa kuwinda, yaani idadi inayoruhusiwa kuuawa, ukabanwa vikali. Hesabu ya 2014 hadi 2016 ikatoa 716. Ongezeko la kweli hilo, na barafu nayo ilichangia kwa njia isiyotarajiwa: ile nene iliyokaa miaka mingi ilipungua, ikaja nyembamba ya msimu mmoja, ambayo sili, wanyama wa baharini wanaoliwa na dubu, huipenda kwa sababu inawaachia nafasi ya kutoboa matundu ya kupumulia. Palipo na sili, dubu anashiba. Kwa hiyo joto, kwa muda, linaweza kuwanufaisha dubu wa kaskazini kabisa. Neno la kuangalia hapo ni "kwa muda".

Magharibi mwa Ghuba ya Hudson

Kama una nafasi ya kusoma habari za kundi moja tu, soma la hapa, huko Kanada. Ndilo lililochunguzwa kwa muda mrefu na kwa kina kuliko karibu yote, na liko kusini kuliko makundi mengi, mahali ambapo barafu huisha kabisa kila kiangazi.

Maisha yao yanakwenda na kalenda ya barafu. Barafu ikivunjika, Julai au karibu na hapo, dubu wanapanda nchi kavu. Wanakaa huko bila chakula cha maana hadi Novemba ghuba inapoganda tena. Mji wa Churchill, katika jimbo la Manitoba, uko njiani kabisa, ndiyo maana una jela ya dubu: jengo lenye vyumba vya chuma ambamo wale wanaozurura mitaani huwekwa, wanapewa maji au theluji lakini kwa kawaida hawalishwi wasije wakazoea, kisha wanabebwa kwa helikopta kupelekwa mbali na mji. Watalii wanalipa pesa nyingi kuona hayo.

Tatizo ni kwamba kipindi cha kukaa nchi kavu kimerefuka kwa wiki takriban tatu ikilinganishwa na miaka ya 1980. Watafiti waliwafunga dubu 20 kola zenye kamera na GPS wakawafuatilia kiangazi, matokeo yakatoka mwaka 2024. Wengine walilala tu kuokoa nguvu. Wengine walikula matunda ya porini, ndege, mizoga, mmoja mmoja wakaogelea mbali. Bado 19 kati ya 20 walikonda, na walio wengi walipoteza karibu kilo moja kwa siku. Wale waliodhani dubu atajifunza kula vya nchi kavu hapa wamepata jibu lao: anavila, lakini havimtoshi mwili.

Sasa idadi. Mwaka 1987 walikuwa karibu 1,200. Mwaka 2004, 935. Mwaka 2011, 949. Mwaka 2016, 842. Mwaka 2021, 618.

Zitazame tena, maana ubishi mzima umo humo. Kati ya 2004 na 2011 hakuna kushuka, na hesabu ya 2011 ilipotoka, serikali ya Nunavut, eneo la Wainuiti kaskazini mwa Kanada, iliishika kama ushahidi kwamba dubu wako sawa, hasa kwa kuwa walikuwepo waliobashiri namba ndogo zaidi. Hata hivyo hesabu hizo mbili hazikufanywa kwa njia moja. Ile ya 2004 ilitokana na kuwapiga dubu sindano ya usingizi kutoka kwenye helikopta, kuwatia hereni sikioni na chale ndani ya mdomo, kung'oa jino dogo la kujulia umri, kisha kuona wangapi kati yao wanakamatwa tena baadaye. Ya 2011 ilikuwa ya kuruka kwa mistari juu ya pwani, watazamaji wa mbele na wa nyuma wakiandika kila mmoja bila kumwambia mwenzake, ili ijulikane wangapi wanawaponyoka. Wanaofuatilia sensa za tembo zinazofanywa kwa ndege Tanzania wataitambua kazi hiyo, isipokuwa dubu mweupe kwenye ardhi ya Agosti anaonekana kirahisi kuliko tembo kichakani.

Kuanzia 2011 njia ni ya namna moja, na mwelekeo ni mmoja. Mpenda ubishi atasema ukingo wa hesabu ya 2021 ni mpana, 385 hadi 852, hivyo ukigusana na ule wa 2016 huwezi kudai chochote. Kwa hesabu mbili pekee yake, yuko sahihi. Kwa mfululizo wa hesabu zinazoshuka, pamoja na vipimo vya miili, hayuko sahihi tena. Utafiti uliotoka mwaka 2025 katika jarida la Science ulionyesha kwamba ndani ya miaka 37 uzito wa wastani wa dubu mama ulishuka kwa kilo 39, na wa watoto wa mwaka mmoja kwa kilo 26. Mama aliyekonda hutoa maziwa machache, mtoto wake huingia majira ya baridi bila akiba, na wengi hawafiki mwaka wa pili. Hapa ndipo hoja ya kupungua inaposimama kwa miguu yake: tuna hesabu, tuna mizani, na tuna njia inayounganisha barafu na kifo cha mtoto.

Kuna kipande kimoja kinachobaki hewani. Kusini mwa ghuba hiyohiyo, hesabu ya 2021 ilitoa dubu wengi kuliko 780 waliopatikana mwaka 2016. Inawezekana baadhi ya waliokosekana magharibi walihamia huko mwaka ule. Haiwezi kueleza kupungua kwa zaidi ya miaka 30, lakini inatosha kukufanya usiitumie namba ya 618 kama rungu.

Majirani wasiofanana

Kaskazini mwa Alaska kuna bahari mbili zinazopakana. Kusini mwa Bahari ya Beaufort, kundi la dubu lilianguka kwa namna ya asilimia 40 kati ya 2001 na 2010, likafika karibu 900. Jirani yake, Bahari ya Chukchi, iliyo kati ya Alaska na Urusi, imepoteza barafu pia. Lakini dubu wake ni wanene, wanazaa vizuri, na kundi lao lilikadiriwa kuwa karibu 3,000 kwa takwimu za 2008 hadi 2016.

Tofauti iko chini ya maji. Chukchi ni bahari ya kina kifupi, pana, yenye rutuba na sili tele. Beaufort ina ukingo mwembamba wa kina kifupi, kisha sakafu inaporomoka, na barafu ikirudi nyuma kiangazi inakwenda juu ya kina kirefu kusiko na chakula. Dubu anabaki na chaguo la kuifuata akae na njaa juu ya barafu, au kubaki pwani akae na njaa nchi kavu.

Mshabiki wa kila upande anachukua jirani mmoja na kumnyamazia mwingine. Nimeona hivyo mara nyingi mno.

Karata kubwa ya upande wa pili

Ningekuwa natetea hoja ya kuongezeka, nisingeigusa ile 5,000. Ningekwenda Svalbard. Bahari ya Barents, iliyo jirani na visiwa hivyo, ni miongoni mwa sehemu zilizopoteza barafu kwa kasi kubwa zaidi Aktiki nzima, lakini vipimo vya watafiti wa Norwei vinaonyesha kwamba dubu wa visiwa hivyo hawajakonda kama ilivyotarajiwa. Tangu karibu mwaka 2000 hali ya miili yao imekuwa ikiimarika. Wanakula kulungu wa kule, mayai ya ndege, mizoga ya walarasi (wanyama wakubwa wa baharini wenye meno marefu), ambao nao wameongezeka baada ya kulindwa. Jambo hili linawasumbua kwelikweli waliodhani kila barafu inapopungua dubu lazima akonde hapohapo.

Jibu lipo, ingawa si la kufunga mjadala. Svalbard ilifunga uwindaji mwaka 1973 tu, na dubu ni mnyama wa polepole: jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano hivi au zaidi, kisha mara moja kila miaka mitatu. Huenda bado wanajaza pengo la bunduki. Kisha, kwenye kisiwa cha Hopen, hukohuko Svalbard, miaka ambayo barafu inachelewa kufika, majike wachache sana wanafanikiwa kufika kuchimba mapango ya kuzalia. Afya ya leo na mahali pa kuzalia kesho si kitu kimoja.

Wanaoishi nao

Wainuiti wa Nunavut, wenyeji wa asili wa huko, kwa miaka mingi wamesema wanaona dubu wengi zaidi, si wachache. Mwaka 2018 watu wawili waliuawa na dubu, mmoja Arviat na mwingine Naujaat, kwa hiyo kwao si suala la takwimu. Wanasayansi wengi hujibu kwamba dubu mwenye njaa, aliyekaa nchi kavu muda mrefu, ndiye anayesogelea vijiji. Sehemu fulani jibu hilo ni sahihi. Sehemu nyingine linatumika kirahisi mno, kana kwamba mwindaji aliyezaliwa pale hajui kutofautisha dubu yuleyule na dubu kumi. Ni malalamiko ya Wainuiti kuhusu kuwadunga dubu sindano yaliyosukuma watafiti kwenye hesabu za angani na kuchukua vipande vidogo vya ngozi kwa ajili ya vinasaba, na hesabu zikawa bora kwa hilo.

Bashiri zilizochacha

Mwaka 2007 wataalamu wa serikali ya Marekani walibashiri kwamba theluthi mbili ya dubu barafu wangeweza kutoweka kufikia katikati ya karne hii. Mwanazoolojia wa Kanada Susan Crockford amekuwa akihoji: barafu ya kiangazi ilishuka mapema hadi viwango vilivyotegemewa baadaye, mbona dubu hawakuporomoka? Swali ni halali. Linapiga ratiba, na ratiba ile ilikuwa na haraka. Haligusi utaratibu wenyewe wa njaa, ule uliopimwa kwa mizani kwenye Ghuba ya Hudson.

Ongeza na ile video ya mwaka 2017 ya dubu aliyebaki mifupa, iliyosambazwa na National Geographic kama sura ya mabadiliko ya tabianchi. Mwaka uliofuata jarida lilikiri kuwa lilivuka mpaka, kwa sababu hakuna aliyejua dubu yule aliugua nini. Picha hiyo iliwaletea wapinzani ushindi ambao hawakuufanyia kazi.

Uchague ipi?

Inategemea umeulizwa nini. Mada ya mdahalo ikiwa "dubu barafu wameshapungua duniani," kataa, kwa kuwa haijapimwa hivyo. Jedwali la kikosi cha wataalamu wa IUCN la mwaka 2019 lilikuwa na makundi manne yanayopungua, mawili yanayoongezeka, matano yaliyotulia, na manane yasiyo na taarifa za kutosha. Mada ikiwa "dubu barafu wanaongezeka," ikatae kwa nguvu zaidi. Ikiwa "kupotea kwa barafu kunawapunguza," iunge mkono, na mfano wako uwe Ghuba ya Hudson, si video ya dubu mwenye njaa.

Mchango? Uliza pesa inakwenda kwa nani. Doria inayozuia dubu na watu kuuana vijijini inafanya kazi inayoonekana, na kazi hiyo inahitajika hata kama takwimu zote zingekuwa zimekosewa.

Kwa makundi ya Kara na Laptev, upande wa Urusi, usichague lolote. Mimi mwenyewe nitalegeza msimamo siku hesabu mpya ya magharibi mwa Ghuba ya Hudson, iliyofanywa kwa njia ileile na mwaka uleule na ya kusini, itakaporudi juu ya 800 na akina mama wakawa wamerudisha hizo kilo 39.